Kijana Asiyependa Insha: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Kuchagua Shahada

Kosa linalorudiwa kila msimu wa udahili ni lile lile. Kijana hapendi insha, basi familia inafuta Historia, Sheria na Fasihi kwenye orodha, inachagua kozi yenye neno "sayansi" kwenye jina, na kila mtu analala usingizi. Miezi michache baadaye kijana yuko mwaka wa kwanza wa Saikolojia au Uuguzi, kafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, na anatakiwa kukabidhi maneno 2,000 kabla ya Ijumaa. Karuka majivu, kakanyaga moto.

Jina la kozi halisemi mwanafunzi atapimwaje. Kinachosema ni ukurasa wa tathmini wa kila somo, na huo ndio ukurasa ambao karibu hakuna anayeufungua. Mwongozo huu unakupeleka huko hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa mzazi au mlezi, ila kijana mwenyewe akiusoma ni bora zaidi, maana kazi nyingi humu ni yake.

## Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kazi za shule za kijana zilizokwisha kusahihishwa: insha tatu au nne, ripoti ya maabara au ya mradi kama ipo, na majaribio ya hisabati. Zinazotakiwa ni zile zenye maoni ya mwalimu pembeni, si maksi tupu.
- Muundo wa masomo wa kila kozi mnayoifikiria, kwa miaka yote ya shahada. Vyuo vingi huuweka kwenye tovuti zao au kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo.
- Maelezo ya somo moja moja, yanayoonyesha asilimia za mtihani, kazi za muhula, mradi na kadhalika. Kama hayapo kwenye tovuti, andikia ofisi ya udahili au idara husika uyaombe.
- Mitihani ya miaka iliyopita ya masomo mawili matatu ya kila kozi.
- Lahajedwali, au daftari lenye mistari na kikokotoo.
- Mwanafunzi mmoja anayesoma kozi hiyo, aliye mwaka wa pili au zaidi.
- Muda wa kutosha. Kazi hii haifanyiki usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi.

## Hatua ya 1: Jua anachokichukia hasa

"Sipendi insha" ni dalili, na dalili moja huweza kutoka kwenye maradhi tofauti. Ukiruka hatua hii, zote zinazofuata utakuwa unabahatisha.

Anza na zile kazi zilizosahihishwa. Soma maoni ya mwalimu. "Hoja haijathibitishwa" ni tatizo moja. "Hukumaliza" ni tatizo jingine. Ukurasa uliojaa miduara myekundu kwenye tahajia ni jingine kabisa, na insha fupi isiyo na kosa lolote lakini isiyosema kitu ni la nne.

Kisha mpe kazi tatu ndogo kuhusu kitu kimoja anachokijua vizuri, kwa mfano kuziba pancha ya baiskeli au kucheza mchezo anaoupenda. Zifanyike siku tofauti:

1. Aeleze kwa mdomo, dakika tano, jinsi kitu hicho kinavyofanyika.
2. Aandike maelezo hayo hayo kwa hatua zenye namba.
3. Aandike ukurasa mmoja kujibu swali: "Je, kila shule ifundishe jambo hili? Jadili."

Wewe angalia tu kalamu inasimama wapi.

Akipita mbili za kwanza bila shida na kukwama kwenye ya tatu, basi kuandika si tatizo. Kinachomchosha ni swali lisilo na jibu moja, swali linalomtaka achague upande na kuutetea. Kijana wa namna hii anaweza kuandika ripoti ndefu ya kiufundi bila kulalamika.

Akiongea kwa ufasaha lakini akakwama kila anapogusa karatasi, kwenye ya pili na ya tatu sawasawa, chunguza zaidi. Huenda ana disleksia (ugumu wa kusoma na tahajia) au disgrafia (ugumu wa kuandika) ambayo hakuna aliyeitambua. Mpeleke kwa mtaalamu mapema. Mwenye disleksia anaweza kufaulu karibu shahada yoyote akipata msaada unaomstahili, na vyuo vingi hudai ripoti ya kitaalamu kabla ya kutoa msaada huo.

Akiandika ya tatu vizuri, tena kwa hamu, kwa sababu mada ni yake, basi hachukii insha. Amechoshwa na mada alizopewa shuleni. Usimfungie milango ya masomo ya jamii kwa sababu ya mada hizo.

Lipo na la lugha, ambalo wazazi wengi hulipita. Kama anasoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake, mwambie arudie kazi ya tatu kwa lugha anayoizungumza bila kufikiri. Insha ikinyooka, tatizo ni lugha ya kufundishia. Hilo hutibika kwa mazoezi ya miezi kadhaa, na si sababu ya kupanga miaka mitatu au minne ya maisha ya mtu.

Tahadhari: Usimsahihishe wakati anaandika, na usimlinganishe na dada yake. Akihisi anafanyiwa mtihani, utakachopata ni hofu yake, na hofu hiyo haitakuonyesha anachokichukia.

Utajua umefaulu pale kijana anapoweza kumalizia mwenyewe sentensi hii: "Ninachokichukia kwenye insha ni…" na jibu lisiwe "kila kitu".

## Hatua ya 2: Tenganisha insha na maandishi mengine

Niseme waziwazi ili usipoteze muda kuitafuta: shahada isiyo na kuandika kabisa haipo. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kwa huo taasisi za uhandisi za nchi mbalimbali hutambuliana shahada zao, unataja uwezo wa kuwasiliana, maandishi yakiwemo, kati ya sifa za mhitimu wa uhandisi. MIT, chuo cha Marekani ambacho watu wakikitaja huwaza roboti na hesabu tu, humtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza achukue masomo 4 yenye mkazo wa kuandika na kuzungumza, na 2 kati ya hayo yapo upande wa sanaa na sayansi za jamii.

Kwa hiyo jiulizeni ataandika nini. Maandishi ya chuoni yana sura nyingi:

Insha ya hoja. Unapewa swali, unasoma vyanzo, unajenga msimamo. Muundo unautunga mwenyewe. Hii ndiyo inayochukiwa.

Ripoti ya maabara au ya kiufundi. Muundo umeshawekwa: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Wengi wanaochukia insha huiweza hii kwa sababu kila sehemu inajua inachotaka. Ila sehemu ya mjadala ni insha ndogo iliyojificha, na ndiyo inayobeba maksi nyingi miaka ya juu.

Uthibitisho wa kihisabati. Kurasa mbili za alama na sentensi fupi fupi, kila mstari ukitokana na uliotangulia. Anayechukia maswali yasiyo na jibu huupenda. Anayechukia kueleza kila hatua atateseka nao.

Maelezo ya programu na michoro. Mafupi, makavu, yenye lengo moja: mtu mwingine aelewe kazi yako.

Maandishi ya tafakuri. Nini kilitokea, ulihisi nini, ulijifunza nini, mara ijayo utafanyaje. Hupatikana kwa wingi kwenye Uuguzi, Ualimu, Ustawi wa Jamii na Fiziotherapia. Kijana aliyekimbia insha kwa sababu hapendi kutoa maoni yake atakuta haya ni magumu kuliko insha yenyewe, maana sasa anaulizwa kuhusu nafsi yake.

Mpe sampuli ya kila aina aisome, kisha aipe alama kuanzia 0 (siwezi kabisa) hadi 3 (sina neno nayo). Andika alama hizo juu ya daftari, utazirudia kila hatua.

Utajua umefaulu pale alama zinapotofautiana. Akitoa 0 kwa zote, rudini hatua ya kwanza.

## Hatua ya 3: Pima na upande wa pili

Kukimbia insha si sawa na kupenda hesabu. Hapa ndipo vijana wengi huumia zaidi kuliko kwenye insha zenyewe. Mzazi anasikia "sitaki kuandika", anajibu "basi Uhandisi", na mwaka wa kwanza wa Uhandisi unaanza na kalkulasi, aljebra ya mistari na umakanika (fizikia ya nguvu na mwendo).

Tafuta maswali ya mazoezi ya mwaka wa kwanza ya kozi inayofikiriwa. Vyuo kadhaa vimeyaweka wazi kwenye intaneti, na MIT ni mojawapo. Mpe kijana saa moja na swali moja gumu kiasi. Usitegemee apate jibu, hajafundishwa bado. Angalia anafanya nini akikwama. Yupo anayechora, anayejaribu namba ndogo, anayeuliza swali la maana. Yupo pia anayesukuma karatasi pembeni na kushika simu.

Fanya vivyo hivyo kwa upande wa vitendo kama anafikiria fani za afya au ufundi: nusu siku ya kumfuata mtu kazini, akiruhusiwa, inaeleza zaidi kuliko vipeperushi vyote.

Tahadhari: Kama hesabu nazo hazitaki, usikate tamaa wala usimlazimishe. Zipo fani za studio, za vitendo na za maonyesho, na zipo stashahada za ufundi zinazoweza kumpeleka shahadani baadaye kwa njia nyingine.

## Hatua ya 4: Tengeneza orodha pana kwa namna ya kupimwa

Sahau mgawanyo wa "sayansi" na "sanaa". Panga fani kwa jinsi zinavyotoa maksi.

Zinazopimwa zaidi kwa maswali ya kukokotoa. Hisabati, Takwimu, Hesabu za Bima, Fizikia, sehemu kubwa ya Uhandisi, Uhasibu. Cambridge ya Uingereza, kwa mfano, shahada ya Hisabati hupimwa hasa kwa mitihani ya mwisho wa mwaka, na miradi ya kompyuta ya mwaka wa pili na wa tatu ni ya hiari. Kwa upande mwingine, kwenye chuo cha hadhi hiyo hiyo, mwanafunzi wa Historia kule Oxford huandika insha karibu kila wiki ya muhula. Wote wawili watahitimu na shahada zinazoheshimika, lakini maisha yao ya kila siku hayafanani hata chembe.

Zinazopimwa kwa kutengeneza kitu. Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Ubunifu wa Bidhaa, Uhuishaji, Upimaji Ardhi na Ramani. Maksi hutoka kwenye kinachofanya kazi, pamoja na ripoti ya kukielezea.

Zinazopimwa kwa vitendo na maswali ya kuchagua jibu. Udaktari, Meno, Famasia, Radiografia, Maabara ya Tiba. Nyingi hutumia mtihani wa vituo, mbinu iliyotangazwa mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti. Mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo kwa dakika chache kila kimoja: hapa anachukua historia ya mgonjwa, pale anasoma picha ya eksirei, kwingine anaonyesha namna ya kutoa sindano. Mtahini ana orodha ya kuweka tiki. Kwa kijana mwepesi wa kuongea na mikono yake, huu ni uwanja wake.

Zinazopimwa kwa onyesho. Muziki wa kupiga, Dansi, Uigizaji, Sanaa za Uchoraji.

Sasa mitego. Fani hizi huingiwa sana na wanaokimbia insha, halafu wanazikuta zikiwangoja:

*Saikolojia.* Ni takwimu nusu na kuandika nusu. Uingereza, shahada inayotambuliwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia cha huko, lazima iwe na mradi wa utafiti ambao mwanafunzi ameufanya na kuufaulu, na mradi huo huandikwa kirefu.

*Uuguzi.* Vitendo ni vingi kweli, lakini tafakuri na insha za kutumia ushahidi wa utafiti nazo ni nyingi.

*Usanifu Majengo.* Studio inachukua usiku na mchana, ila historia na nadharia ya usanifu hupimwa kwa insha, na kozi nyingi zina tasnifu.

*Uchumi.* Unategemea chuo. Idara moja itakupa modeli za kihisabati na ekonometriki (takwimu za uchumi) mwanzo hadi mwisho, nyingine itakupa insha za sera. Majina ya kozi yanafanana kabisa.

*Biashara na Utawala.* Ripoti, uchambuzi wa kampuni, kazi za kikundi. Insha si nyingi kama Historia, lakini kuandika hakukatiki.

*Biolojia.* Mwaka wa kwanza maabara, miaka ya juu mapitio ya machapisho ya kitafiti. Watu hushtukia mwaka wa tatu.

*Muziki na Sanaa.* Kozi za chuo kikuu aghalabu huambatanisha insha za historia na nadharia. Kozi za vyuo maalumu vya muziki mara nyingi huwa na insha chache zaidi.

Utajua umefaulu pale mna fani sita hadi kumi kwenye orodha, na kijana ameongeza angalau mbili ambazo wewe hukuzifikiria.

## Hatua ya 5: Fungua ukurasa wa tathmini, piga hesabu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na saa chache tu za kutoa, zitoe hapa.

Kila somo la chuo lina uzito, kwa kawaida krediti. Uingereza mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya mwaka ni krediti 60, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30. Mfumo wowote utakaoukuta, hesabu ni ile ile: zidisha krediti za somo kwa asilimia ya insha, kisha jumlisha.

Tuchukue mwaka wa pili wa kozi ya kubuni, masomo sita ya krediti 20 kila moja:

- Somo A: mtihani wa kukokotoa 80%, mazoezi 20%. Insha: krediti 0.
- Somo B: ripoti za maabara 50%, mtihani wa majibu mafupi 50%. Insha: 0.
- Somo C: insha 40%, mtihani wa kukokotoa 60%. Insha: 8.
- Somo D: insha mbili, 100%. Insha: 20.
- Somo E: mradi wa kikundi 50%, kuwasilisha 20%, tafakuri binafsi 30%. Tafakuri: 6.
- Somo F: kuandika programu 30%, mtihani wa kukokotoa 70%. Insha: 0.

Jumla ni krediti 34 kati ya 120, sawa na asilimia 28 hivi. Kwa makisio ya Uingereza, hizo ni saa 340 za mwaka zilizokaa kwenye insha na ndugu zake. Unaweza kuifuta kozi hapo hapo.

Usiifute bado. Angalia kama Somo D ni la lazima au la kuchagua. Likiwa la kuchagua, na lipo jingine la kukokotoa la kuweka mahali pake, jumla inashuka hadi krediti 14, asilimia 12 hivi. Kozi ni ile ile, lakini sasa saa za insha ni 140. Ndiyo sababu lazima uweke alama ya "lazima" au "hiari" pembeni ya kila somo unaloliingiza kwenye lahajedwali.

Fanya hesabu hii kwa kila mwaka peke yake. Kozi nyingi huanza kwa mitihani na kuongeza maandishi kadiri miaka inavyopanda. Vilevile uliza kila mwaka una uzito gani kwenye daraja la mwisho. Katika vyuo vingi vya Uingereza mwaka wa kwanza unatakiwa kuupita tu, maksi zake haziingii kwenye daraja la shahada. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wenye hesabu tupu unaweza kukupa picha ya uongo.

Maneno mawili ya kuchunga:

"Kazi za muhula." Zinaweza kuwa maswali kumi ya kukokotoa au insha mbili za maneno 2,500. Ukikuta "kazi za muhula 50%" bila maelezo, usikisie. Andika barua pepe: "Kazi za muhula za somo hili ni za aina gani, na zina urefu gani?" Wahadhiri hulijibu swali hili bila tabu.

"Mtihani." Hili ndilo linalowaangusha wengi. Mtihani wa saa tatu unaweza kuwa insha tatu zilizoandikwa kwa mkono bila nafasi ya kurekebisha, yaani kila kitu anachokichukia, pamoja na saa ukutani.

Fungua mtihani wa zamani na usome vitenzi vinavyoanzia maswali. *Kokotoa, thibitisha, chora, sanifu, taja, tambua*: huo si mtihani wa insha. *Jadili, tathmini, linganisha, fafanua kwa mifano, unakubaliana kwa kiasi gani*: hiyo ni insha. Angalia pia maelekezo ya juu. "Jibu maswali yote" yenye vipengele (a) hadi (f) kwa kawaida ni majibu mafupi. "Jibu maswali matatu kati ya nane" kwa kawaida ni insha. Kama vitenzi vya kundi la pili ndivyo vinavyotawala, rudi kwenye lahajedwali uhamishe asilimia za mtihani huo ziingie safu ya insha.

Utajua umefaulu pale kila kozi ina namba moja ya insha kwa kila mwaka, na kijana anaweza kukuonyesha kidoleni namba hiyo imetoka kwenye masomo gani.

## Hatua ya 6: Ukague mwaka wa mwisho

Uliza maswali matatu: Kuna tasnifu? Ni ya lazima? Kama si ya lazima, badala yake kuna nini?

Tasnifu ya maneno 10,000 si ajabu kwenye sayansi za jamii na sanaa. Uhandisi na Sayansi ya Kompyuta huwa na mradi wa kujenga au kusanifu kitu, pamoja na ripoti ambayo nayo si fupi. Hisabati katika vyuo vingine hukuruhusu kumaliza bila mradi wowote.

Usiikatae kozi kwa ajili ya tasnifu peke yake. Kijana wa mwaka wa mwisho si yule wa leo, na mada ataichagua mwenyewe chini ya msimamizi. Ninachokataa ni kulijua jambo hilo likiwa limeshafika mlangoni.

## Hatua ya 7: Tafuta insha zilizojificha nje ya kozi

Kuna maandishi ambayo hayaonekani kwenye muundo wa kozi hata ukiusoma mara tatu.

Vyuo vingi vya Marekani humtaka kila mwanafunzi, hata wa Fizikia, achukue somo la uandishi mwaka wa kwanza na masomo kadhaa nje ya fani yake. Kinyume chake, Uingereza mwanafunzi huingia moja kwa moja kwenye fani aliyoiomba. Kwa kijana asiyependa insha, tofauti hii peke yake inaweza kuamua aombe nchi gani.

Maombi yenyewe nayo yana maandishi. Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina insha ya maneno 250 hadi 650. UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, kuanzia waombaji wa kuingia chuo 2026, imeacha barua moja ndefu na kuweka maswali 3 yanayogawana herufi 4,000. Kwa wengi wasiopenda insha, maswali matatu ni afadhali, maana muundo umeshatolewa.

Baadhi ya fani zina mtihani wa kuingilia wenye insha ndani yake. Soma masharti ya udahili hadi mstari wa mwisho.

## Hatua ya 8: Muulize anayesoma sasa

Siku za maonyesho ya vyuo, anayesimama mezani ana kazi ya kuinadi kozi. Mtafute mwanafunzi wa kawaida, na aulize kijana mwenyewe. Maswali yenye faida ni yale yanayoomba kitu kilichotokea:

- "Kazi ya mwisho uliyokabidhi ilikuwa nini, na ilikuchukua muda gani?"
- "Somo gani lilikushtua kwa kuandika?"
- "Ukipata maksi ndogo kwenye ripoti, wanaandika sababu gani?"
- "Wanaoacha kozi hii huwa wanashindwa na nini?"

Ukiuliza "Kozi ni nzuri?" utajibiwa "Nzuri", na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Tahadhari: Mtu mmoja ni mtu mmoja. Akisema jambo linalopingana na ukurasa wa tathmini, iulize idara kabla ya kubadili lahajedwali. Huenda mtaala umebadilika tangu alipopita mwaka huo.

## Hatua ya 9: Punguza orodha, na panga msaada wa kiasi kilichobaki

Bakizeni kozi tatu hadi tano. Vigezo kwa mpangilio huu: anaitaka, anaimudu, insha zake zinavumilika. Mpangilio ni muhimu. Kozi yenye asilimia 5 ya insha ambayo kijana haitaki itamshinda mapema kuliko yenye asilimia 25 anayoipenda. Na kama kozi anayoitamani ina insha nyingi kuliko zote, na hatua ya kwanza ilionyesha kwamba tatizo ni lugha au mada, mimi ningemwacha aende.

Kwa kiasi cha maandishi kitakachobaki, fanyeni haya kabla hajaingia chuo:

- Nusu ukurasa kwa wiki wa maandishi ya aina atakayokutana nayo. Kama ni ripoti, aandike ripoti: alifanya nini, alipata nini, kinaonyesha nini.
- Ajifunze kuandika kwa kibodi bila kutazama vidole. Inasikika kama jambo dogo, lakini kwa anayewaza haraka kuliko anavyoandika, nusu ya chuki huishia hapo.
- Ajaribu kurekodi sauti yake akieleza jibu, kisha aandike kutoka kwenye rekodi. Waliofaulu kazi ya kwanza ya hatua ya 1 hufaidika sana na njia hii.
- Kama ana ripoti ya kitaalamu ya disleksia au hali nyingine, aiwasilishe kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi wiki za mwanzo. Muda wa ziada kwenye mtihani au kutumia kompyuta hupangwa mapema, hauombwi mlangoni mwa chumba cha mtihani.
- Aulize kama chuo kina kituo cha kusaidia uandishi, na kama wanafunzi wa sayansi nao wanahudumiwa.

Nimeshasikia hoja kwamba yote haya hayana maana tena kwa sababu programu za akili mnemba zitamwandikia. Usipange shahada juu ya hilo. Vyuo vina kanuni zake za udanganyifu, na baadhi ya idara zinarudisha mitihani ya chumbani na ya mdomo kwa sababu hiyo hiyo. Aliyepita mwaka mzima kwa insha asizoziandika ataketi kwenye mtihani wa "jadili" na kalamu tu.

## Ukaguzi wa mwisho kabla ya kutuma maombi

Fungua upya kurasa za tathmini za kozi zilizobaki, siku chache kabla ya kutuma. Vyuo hubadilisha masomo mwaka hadi mwaka: somo la hiari huwa la lazima, mtihani hugeuzwa kuwa insha mbili. Hakikisha unasoma ukurasa wa mwaka ambao kijana ataingia, hifadhi nakala yenye tarehe, na namba ikiwa imebadilika kwa kiasi kikubwa, rudini hatua ya 5 kwa kozi hiyo pekee.